Maji ya Mchaichai ya Bibi Naetwe

Jioni hiyo tulikuwepo mimi, mwanangu Kirangi, mdogo wake mchanga aliyekuwa kifuani kwangu, mama mkwe wangu Nampombe, aliyenipa kigoda chake akakaa mkekani kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha, na jirani yetu Mama Sekiete, aliyekuja kuomba moto akasahau kuondoka.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na kiu!

Na mwenye kiu?

Mpe kisa anywe!

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado yanakua, mama mmoja aliitwa Naetwe. Alikaa mlimani. Binti yake wa pekee, Nanzia, aliolewa bondeni. Kati yao palikuwa na njia moja tu, iliyopita katikati ya miamba.

Watu wale walikuwa na desturi. Mtoto akizaliwa, hapewi jina wala hatolewi nje kuliona jua mpaka aguswe na kitu kilichotoka mkononi mwa bibi yake mzaa mama. Asali ya kulamba, au mafuta ya kupaka, au maji ya kuoga.

Masika ile, Nanzia akiwa mjamzito, mlima ulimeguka. Mawe yakaporomoka, yakaziba njia. Naetwe akahesabu miezi kwa vidole, akajua mjukuu ameshafika. Akaenda kwenye mawe, akaita, "Nanzia wee!" Mawe yakanyamaza. Akaita tena. Yakanyamaza. Akaita mara ya tatu, kisha akarudi nyumbani kulia.

Asali akamsikia kutoka kwenye kibuyu. "Mama Naetwe, nitume mimi."

"Utapitaje, mwanangu?"

"Polepole, mama. Polepole nitafika."

Naetwe akammimina juu ya mawe. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Asali akajivuta, akajivuta, akajivuta. Alipofika kwenye mdomo wa ufa kati ya mawe, akaganda hapo. Sisimizi wakaja, wakamla, wakashukuru.

"Mama, Asali ni mvivu?" akauliza Kirangi.

Si mvivu, baba. Ni mzito wa kutiririka. Ungempasha moto ungeona anavyokimbia.

Mafuta akacheka. "Mama Naetwe, nitume mimi. Mimi ni laini."

"Utapitaje, mwanangu?"

"Kwa kuteleza, mama. Nitateleza nifike."

Naetwe akammimina. Mafuta akateleza kweli, mbio mbio, mpaka kwenye shimo lililojaa maji ya mvua. Ufa wa hapo ulikuwa chini ya maji. Mafuta akajaribu kuzama, akaelea. Akajaribu tena, akaelea. Akajaribu mara ya tatu, akatanda juu kama kitambaa, akizungukazunguka.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nimezoea kukaa juu."

"Hata kujaribu ni upendo," akajibu Naetwe.

Akabaki Maji. Maji hakujisifu. "Mama Naetwe, nitume mimi. Lakini nipe harufu yako, maana sina yangu."

Naetwe akachuma mchaichai wa mlangoni kwake, ambao bondeni hauoti. Akauchemsha, akauacha upoe. "Utapitaje, mwanangu?"

"Sina umbo, mama. Mtungini mimi ni mtungi, kiganjani mimi ni kiganja. Kwenye ufa nitakuwa ufa."

"Na kurudi?"

"Mama, mimi ni wa kushuka."

Naetwe akammwaga huku akilia, na machozi yake yakaenda pamoja naye.

Maji akapita chini ya Mafuta. Palipo pembamba akawa mwembamba. Palipopinda akapinda. Upande wa pili akatokea kama tone, akaning'inia chini ya jiwe. Akajishika, akanenepa, akanenepa, hata uzito ukamshinda.

Twa!

Akaangukia shavuni mwa Nanzia, ambaye kila siku alikuja kuegemea mawe yale. Nanzia akanusa. "Mchaichai! Mama yangu yu hai!"

Akakinga kata. Tone, tone, tone, ikajaa. Akakimbia nyumbani.

Mama mkwe wake alikuwa amemshika mtoto. "Mwanangu, kata moja itatosha nini?"

"Imimine kwenye beseni, mama."

"Mbona sasa yamepungua?"

"Hayajapungua. Yamekaa tu kwa raha."

Wakacheka, wakamwogesha mtoto, wakamwita Naetwe, jina la bibi yake. Wakamtoa nje. Jua likamwona, akapiga chafya.

Lakini Nanzia hakutulia. "Nani atamwambia mama?" Maji hayapandi mlima. Akachukua maji kidogo aliyoyabakiza kwenye kata, akayachemsha nje. Mvuke ukainuka. Ndipo Hewa, ambaye hakuna aliyemkumbuka kwa kuwa haonekani, akasema, "Mimi pia hutiririka, dada. Nikipata moto huwa mwepesi, napanda."

Akaubeba mvuke, akapanda, akapanda, akapanda, akayavuka mawe. Bibi Naetwe alikuwa ameketi mlangoni. Upepo wa bondeni ukampitia usoni, ukiwa na harufu ya mchaichai wake. Akafumba macho. Akajua.

Kisa changu nimekimimina, aliyekinga ameshiba. Funzo lake: asiyeng'ang'ania umbo lake hufika kwa ampendaye. Na wewe Mama Sekiete, moto uliokuja kuomba umekuwa majivu mkononi!

"Na bibi hakumwona mjukuu wake?" akauliza Kirangi.

Alimwona, baba. Kiangazi kilipofika, watu wa pande zote mbili waliyaondoa mawe. Bibi Naetwe alishuka bondeni, akamkuta mjukuu ameshaanza kutambaa.