Jina la Mtoto wa Limi

Sogeeni hapa, na anayetaka hadithi ya sungura aende zake akalale, maana hii haina sungura. Ina watu. Nikimaliza nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu wa kunitolea macho tu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na mji wake, na miji yao yote ilipakana na mji wa Ikolongo. Shigela alikuwa na masikio. Si haya yetu ya kusikia tukiitwa kula. Yeye alimsikia mtu akilia ng'ambo ya vilima. Mhoja alikuwa na ulimi. Akikaa kati ya watu waliokosana tangu enzi za babu zao, jioni unawakuta wanakula chungu kimoja. Na Ndaki alikuwa na mikono; aling'oa mti mzima kama nyinyi mnavyong'oa karanga.

Huko Ikolongo aliishi Limi, mjamzito wa mimba ya kwanza. Mtemi wao aliitwa Lugendo. Mvua zilipokatika, Lugendo alisema waliozifunga ni watu wa bondeni, akina Limi hao. Akaanza kwa kuwanyang'anya ng'ombe, kisha akawafungia visima. Mwishowe akawaswaga wote ndani ya boma la magogo, na kila asubuhi askari waliingia, wakachagua watu wa kutoka nao. Waliotoka hawakurudi. Mume wa Limi alichaguliwa mapema. Limi alijibanza nyuma ya wifi yake Kabula, ameshika tumbo, anamnong'oneza mtoto, "Tulia, mwanangu. Usije sasa. Nakuomba, usije sasa."

Mtaniuliza, majirani walikuwa wapi? Enhe. Katika miji ile, kuingia mji wa mtu bila kupiga hodi na kuitikiwa karibu lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi. Aliyeingiliwa aliweza kuuchoma mji wa aliyemwingilia, na hakuna wa kumlaumu. Desturi ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Iliwazuia wasivamiane ovyo. Sasa Lugendo akajificha nyuma ya desturi hiyo. Wapita njia wakipiga hodi langoni, yeye kimya.

Shigela ndiye aliyesikia. Alikuwa amesikia tangu siku za ng'ombe, ila alijifunika shuka kichwani kwa kuogopa kuitwa mdaku. Aliposikia mwanamke akimbembeleza mtoto asizaliwe, uvumilivu ukamwisha. Alikimbia mpaka kwa Mhoja. "Kaka, watu wanakwisha kule! Nikinyamaza tena nitakuwa muuaji mwenzake Lugendo." Bila yeye hakuna ambaye angejua, kwa sababu Lugendo alipigisha ngoma mchana kutwa kufunika vilio.

Mhoja akawakalisha watemi wa miji yote. Huyu anasema hayo ni mambo yao ya nyumbani, yule anasema tungoje mavuno kwanza, mwingine anauliza nani atawalisha askari. Mhoja alisema mpaka sauti ikamkauka, na mwisho wakakubali kwenda pamoja. Bila yeye, yeyote ambaye angegusa lango lile angebaki peke yake na mji wake ungechomwa. Ila maneno yalichukua muda wake, na kule bomani asubuhi ziliendelea kuja.

Ndaki akatangulia, watu nyuma yake. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Mikono inamwasha, lakini watemi walimruhusu aende, hawakumruhusu avunje desturi. Jamani, watu wanachinjwa ndani na mwanamume anasimama nje anabisha hodi!

Limi aliisikia. Uchungu ulikuwa umeshamwanza. Kabula akamziba mdomo, "Nyamaza, watatuua!" Limi akamng'ata kiganja, akapiga ukelele, "Karibuni! Karibuni ndani, jamani, karibuni!"

Ndaki hakuuliza sauti ni ya nani. Alilishika lango akaling'oa. Askari wakatawanyika, Lugendo akaponyoka, na watu wa bondeni wakatoka mbio. Lakini nguvu za Ndaki hazikuishia langoni. Ukuta wa upande ule wote uliporomoka, ukawaangukia waliokuwa wamejibanza chini yake. Kabula alikuwa mmoja wao.

Limi alijifungulia njiani, mtoto wa kike. Sasa kwa desturi yao, mtoto aliyezaliwa watu wakiokolewa hupewa jina la mwokozi, siku kitovu kinapodondoka. Jina ni moja tu, na si pambo: ukoo wa mwenye jina ndio wa kusimama na mikuki mlangoni kwa mtoto huyo na watu wake wote, maisha.

Siku hiyo ilipokaribia, wakaja wote watatu kwenye kibanda alichojengewa Limi huko walikokimbilia. Shigela akasema nisingesikia mimi, mngekuwa mmekwisha. Mhoja akasema bila mimi ungesikia ukalia peke yako. Ndaki akanyoosha mikono yake tu, nani asiyeijua? Limi aliwasikiliza huku ananyonyesha. Kila akimtazama Ndaki, anamwona Kabula. Akimtazama Mhoja, anawaza zile asubuhi. Shigela naye hakuthubutu kumwangalia machoni.

Mara akaingia mchungaji, anahema. "Lugendo amepata watu! Wengi, na wanakuja huku!"

Ndaki alikuwa wa kwanza kukohoa. "Kusema kweli, shemeji, mimi niling'oa lango tu. Aliyefanya kazi ni Shigela."

"Mimi?" Shigela akaruka. "Kusikia ni kazi? Mhoja ndiye aliyewaleta watu."

"Ndugu zangu," Mhoja akasema kwa ule ulimi wake mtamu, "maneno hayavunji boma. Heshima ni ya Ndaki, tumpe mwenyewe."

Limi akacheka, kicheko kibaya. "Loo! Sasa hivi mlikuwa mnataka kunigawana."

Kitovu cha mtoto kimebaki kinaning'inia kwa kauzi. Nje watu wa bondeni wamekizunguka kibanda, wazee na watoto, wanangoja kuambiwa nani atasimama mbele yao. Limi anaogopa kufungua kinywa. Akikosea, amewaua wote waliopona.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mmeshiba. Aliyesikia alichelewa kusema, aliyesema alichelewesha, aliyevunja boma ameua. Na bila mmoja wao, asingepona hata mtu. Je, wewe ungempa mtoto jina la nani? Nawe uliyeinua mkono huko, ngoja kwanza. Kabla hujamtaja mtu, niambie: kama jina lenyewe ni lako, ungekubali apewe?