Sajini Ndahani na Kitasa cha Gari la Kijiji

Kitasa hakiamrishwi; huulizwa. Jana mlimsikia mama mmoja akimrushia mwenyekiti maneno hayo mkutanoni, nanyi mkacheka kwa sababu wakubwa walicheka. Kisha mkaja kuniuliza ni kitasa gani, na nani alikiamrisha. Mmefanya vyema kuuliza. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Chikola, katika mchanga wa mto ule mnaouvuka mkienda shule.

Wakati huo kijiji kilikuwa kimepata gari lake la kwanza, pikapu kuukuu ya diseli iliyotumika miaka mingi misheni. Ilikuja na ufunguo mmoja tu. Padri aliyelikabidhi gari alisema wa pili ulipotea zamani, akashauri uchongwe mwingine mapema. Ushauri huo alipewa Sajini Ndahani, askari mstaafu aliyechaguliwa kuwa dereva, naye akaupokea kama tusi.

"Padri, nimebeba funguo za ghala la bunduki miaka ishirini na miwili. Sajini hapotezi ufunguo."

Ndahani alikuwa mwaminifu na mchapakazi, lakini gwaride lilikuwa limemwingia kwenye damu. Hakujua kusema na mtu ila kwa kumwamrisha. Mkewe aliamrishwa, mbuzi waliamrishwa, na wapo waliomsikia akiiamrisha mvua.

Siku moja alilishusha gari mtoni kuchukua mchanga wa kujengea zahanati. Mto wetu mnaujua: hukauka miezi na miezi, kisha siku moja huja wote kwa mkupuo. Wanawake sita walipakia, na Sajini, kaptula ya kaki imenyooshwa pasi, aliwasimamia. Mara kwa mara alimpokonya mmoja koleo ili kumwonyesha linavyoshikwa. Gari lilipojaa, alitia mkono mfukoni. Ufunguo haukuwamo.

Walifukua mchanga kwa mikono, wakauchekecha kwa ungo. Hawakupata kitu. Ndipo mmoja wao, Mama Nyemo, akainua kichwa na kutazama milimani. Huko kulikuwa kweusi kama chungu. Mtoni jua liliwaka, lakini kila mtu aliijua hesabu: mvua ikianza milimani, maji hufika kwetu katika muda wa kupika ugali na kuula.

"Mwageni mchanga! Sukumeni!" Sajini alifoka.

Walimwaga, wakasukuma. Bila ufunguo usukani ulikuwa umejifunga, magurudumu yamekata upande, na kila walivyosukuma gari lilizidi kujichimbia. Zahanati ile, mbegu za msimu, wagonjwa wa kupelekwa mjini, vyote vilikuwa vinalitegemea gari hilo.

Mwanamke mmoja alikuwa ameshakimbia ng'ambo kumwita Mihayo, Mnyamwezi mtengenezaji wa saa na kufuli. Mihayo alikuja naye, na baiskeli yake na sanduku la vyombo.

"Mnyamwezi, umechelewa!" Sajini alimfokea.

"Mtani, babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani, ninyi Wagogo mkawauzia hata maji ya kunywa. Leo mnaletewa maji bure, na bado unalalamika?"

Wanawake walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mihayo alitoa funguo mbili ambazo hazijachongwa meno. Akawasha koroboi, akaupitisha mmoja kwenye moshi mpaka ukawa mweusi, akauingiza katika kitasa cha usukani, akauzungusha kidogo sana na kuuchomoa. Mahali padogo masizi yalikuwa yamefutika. Akapapiga tupa mara mbili, akaufukiza tena.

"Unafanya nini?" Sajini aliuliza. "Zungusha!"

"Nasema nacho. Kila nikikiuliza, kinanionyesha pa kuchonga."

Upepo uliokuja kutoka juu ya mto ulinuka udongo uliolowa. Sajini alivumilia Mihayo alipokiuliza kitasa mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne hakuvumilia. Aliushika mkono wa Mihayo pamoja na ufunguo, akazungusha kwa nguvu zake zote.

Ufunguo ulikatika. Ncha iliyobaki mkononi ilimchana Mihayo kidole gumba mpaka nyama nyeupe ikaonekana.

Mihayo alifunga kidole kwa kitambaa, akachukua sindano ya kutengenezea saa, na kwa mkono wa kushoto akakitoa kile kipande kilichonasa ndani. Kisha akauweka ufunguo wa pili katika kiganja cha Sajini.

"Umebaki huu. Kidole changu hakihisi kitu tena. Tupa nitaishika, kitasani utakuwa wewe."

"Mimi kazi hii siijui."

"Sasa ndiyo naanza kukuamini."

Ndahani aliufukiza, akauingiza, akauzungusha kwa haraka.

"Polepole! Kikikataa, simama hapo hapo. Uniletee jibu."

Ndahani aliulegeza mkono. Alishusha pumzi. Akazungusha kama mtu anayetafuta mwiba katika unyayo wa mtoto, na kweli akahisi kitu kimemzuia, chembamba kama unywele.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini. Mihayo akapiga tupa.

Mara mlio ukasikika, kama ng'ombe wengi wanashuka kwa mbio. Wanawake walikimbilia ukingoni. "Sajini, toka!" Ulimi wa kwanza wa maji ulikuja ukisukuma povu na vijiti, ukalizunguka gari. Ndahani alitamani kupiga kelele. Badala yake aliuliza tena. Na tena. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu ya Mihayo, naye akaendelea kuchonga kana kwamba yuko kibandani kwake.

Mara ya saba ufunguo ulizunguka wenyewe, laini kama ufunguo wa mlango wa nyumbani. Usukani ukalegea, injini ikakohoa, ikanguruma. Wanawake wote sita waliteremka bila kuambiwa, wakaweka mabega nyuma ya gari, likapanda ukingo likivuja maji. Walipogeuka, pale gari lilipokuwa, gogo kubwa lilikuwa linapita likibiringika.

Sajini alikaa chini ukingoni. Kisha alimgeukia Mama Nyemo, na wanasema ni mara ya kwanza kumsikia akisema kama watu wengine.

"Mama, wewe unadhani ule ufunguo ulipoteaje?"

"Mfuko wako umetoboka, Sajini. Niliuona asubuhi kabla hatujaanza. Nilipofungua kinywa ukaniambia, 'Pakia, usiseme.' Nikapakia."

Ndahani alitia mkono mfukoni. Kidole kilitokea upande wa pili, kikagusa paja lake.

Mihayo, kidole chake kimelowa damu kwenye kitambaa, alitikisa kichwa. "Si nilikwambia, mtani? Ukiuliza, unaonyeshwa."

Tangu siku hiyo, mtu akimfokea mwenzake badala ya kumsikiliza, watu wa Chikola humtazama mfukoni kwanza, halafu humwambia: kitasa hakiamrishwi, huulizwa.