Vijua vya Bi Mize

Hadithi inabisha hodi!
— Karibu, ipite ndani!
Inabisha tena!
— Ipite, mlango wazi!

Zamani sana, kabla bibi yangu hajazaliwa na bibi yake hajazaliwa, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mize. Mumewe alikufa, naye akakaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hatoki. Siku zake alizihesabu kwa mwezi wa angani. Kila ukiandama, alifunga fundo kubwa kwenye uzi, na kila siku fundo dogo. Nyumba alijengewa na baba yake, nyumba nzuri, ila paa la makuti lilikuwa limetobokatoboka.

Marehemu aliacha ndugu, Faki. Lo, huyo Faki! Aliitaka ile nyumba mpaka akawa anaiota. Siku moja mgeni mjuzi wa nyota alimwambia, "Tarehe ishirini na tisa ya mwezi huu, jua litapatwa." Faki hata hakungoja mgeni amalize. Alitoka mbio.

Akaenda kisimani: "Bi Mize ana mkosi, jua litamezwa!" Wakamcheka. Akaenda sokoni: "Bi Mize ana mkosi, jua litamezwa!" Wakamcheka. Akaenda barazani kwa wazee: "Jua litamezwa lote! Kikibaki hata kipande, nifukuzeni mimi!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ikafika ishirini na tisa. Saa saba mchana, hakuna wingu, watu wameanika mpunga wao. Mara mwanga ukafifia. Mvua? Hakuna. Magharibi? Bado sana. Kuku wakaanza kuingia bandani. Kuku, jamani, saa saba mchana! Bi Raya, jirani wa Bi Mize, aliinama kwenye beseni la maji, akaliona jua mle ndani. Akapiga yowe.

"Mama wee! Limemegwa!"

Mji ukapagawa. Zikapigwa sufuria, yakapigwa madebe, vikapigwa vinu. Watu mbio hadi kwa Bi Mize. Na aliyetangulia mbele ni nani? Bi Raya! Bi Raya yuleyule, ambaye, alipougua homa, Bi Mize alimnyonyeshea mwanawe. Mimi nikifika hapa naishiwa maneno. Yuleyule!

"Toka, Bi Mize!" Faki akapaza sauti. "Toka uhame kabla jua halijaisha!"

"Toka!" mji mzima ukaitikia.

Ndani, Bi Mize alisikia yote. Atatokaje, na eda haijaisha? Ataenda wapi, na hii ndiyo nyumba yake? Akainama alie. Ndipo alipoona sakafu.

Kila tundu la paa lilikuwa limeangusha kijua chake chini, doa dogo la mwanga. Siku zote vilikuwa vya mviringo. Leo mamia ya vijua, na kila kimoja kimemegwa! Machozi yakamkauka kwa mshtuko.

Akatazama. Pengo ni la mviringo, laini. Meno hayang'ati hivi.

Akatazama tena. Pengo linasogea. Liliingia upande huu, linaelekea ule.

Akatazama mara ya tatu, akashika uzi wake. Leo ishirini na tisa. Mwezi haujaonekana tangu juzi. Sasa uko wapi?

"Kumbe ni wewe!" akanong'ona. "Unapita mbele ya jua. Tena hukupita katikati, umepita pembeni, huwezi kuliziba lote."

Akasogea nyuma ya mlango.

"Shemeji Faki, nimesikia ulisema litamezwa lote?"

"Lote!"

"Na kikibaki kipande?"

"Nifukuzwe mimi. Nimeapa mbele ya watu!"

"Haya. Bi Raya, wewe ni mwanamke mwenzangu, ingia. Tazama sakafuni, uwaambie unachoona."

Bi Raya akaingia. Akainamia sakafu.

"Salale! Majua! Mia, mia mbili, yote yamemegwa!"

"Yanapungua?"

"Yanapungua... Hapana, yamesimama. Hapana! Yanajaa! Jamani, yanajaa!"

Nje, sufuria zikanyamaza moja moja. Mwanga ukarudi ukutani, ukarudi kwenye mpunga, ukarudi usoni kwa Faki, kinywa wazi.

"Lakini mgeni alisema..."

"Alisema lote?" mzee mmoja akamuuliza.

Faki akatazama chini. Hakujua. Si aliondoka mgeni hajamaliza? Basi wakamtoa mjini kwa kiapo chake mwenyewe, wakimpigia sufuria zilezile.

Kisha wakarudi mlangoni kwa Bi Mize, sauti za upole, wapole kama nini!

"Bi Mize, tusamehe. Tulishikwa na hofu."

Bi Mize akajibu kutoka ndani:

"Jua limezibwa, likabaki na kipande cha kuniangazia. Kati yenu nilimtafuta hata mmoja abaki upande wangu. Sikumwona."

Bi Raya alikuwa bado amesimama mle ndani, katikati ya vile vijua, vyote vizima sasa. Akajifunika uso kwa kanga.

Hadithi imevaa viatu!
— Na iende salama!
Aliyeisikia?
— Abaki nayo!