Moshi Uani kwa Sheha

Mwaka ule serikali iliishiwa fedha, ikabuni ushuru mpya: kila jiko litakalofuka moshi, kuku mmoja. Sheha Vuai akapita nyumba kwa nyumba kutangaza, huku akimeza mate. Bi Mize, muuza mihogo, alikuwa amebakiwa na kuku mmoja tu, tena anayetaga.

"Sheha, unatoza jiko au chungu?"

"Jiko! Chungu cha nini?"

"Na kuna aliyesamehewa?"

"Hakuna! Hata mimi mwenyewe!" Sheha alijigamba mbele ya watu.

"Haya baba, nimekuelewa," alisema Bi Mize, akaenda kuzima moto wake.

Kesho yake Sheha alizunguka kijiji kizima na tenga tupu. Hakuona moshi hata wa dawa. Mwishowe aliuona mmoja kwa mbali, akaukimbilia, kanzu kaikunja mpaka magotini. Ulikuwa unatoka uani kwake. Wanawake arobaini walikuwa wamepanga foleni na vyungu vyao, na mkaa wake unateketea.

"Mnafanya nini kwangu?"

"Tunapika, baba. Jiko moja, vyungu arobaini." Bi Mize alifunua chungu, akaonja mchuzi. "Na ushuru wake usihangaike, tumeshakukusanyia. Yule jogoo wako mwekundu. Bado chumvi tu."