Sahani ya Tuzo Mbele ya Sanduku

Palikuwa na tajiri mmoja, Suweidi bin Mbaruku, mwenye hoteli ya pilau iliyojaa watu kutwa. Msiniulize mji gani, wajukuu wake wapo na wanapenda kesi. Suweidi huyu hakuajiri mwimbaji. Aliweka sanduku la muziki juu ya meza, katikati ya walaji, na ndani yake sauti ya mtu mmoja tu: Bi Somoe, mjane muuza vitumbua, ambaye kwa taarabu mji mzima hakuwa na mpinzani.

Sasa nyinyi watu wa taarabu mnaijua ada yetu. Mwimbaji akikugusa, hukai. Unanyanyuka, unacheza mpaka mbele, unamtunza noti. Na ubeti ukimpiga mtu kijembe, aliyetunza ndiye aliyesema. Basi walaji wa Suweidi, tumbo limeshiba na ubeti umewakolea, wakawa wananyanyuka kulitunza sanduku. Mimi mwenyewe nimelitunza, sioni haya. Suweidi kuona hivyo akaweka sahani, na ili kuwachokoza wateja, kila wimbo noti ya kwanza huweka yeye. Alasiri sahani yote inamiminwa kwenye droo yake.

Habari zikamfikia Bi Somoe, akaenda.

"Tajiri, nimekuja kuchukua tuzo zangu."

"Zako? Wewe ulikuwepo?"

"Sauti yangu ilikuwepo."

"Watu wametunza sanduku, na sanduku nimelinunua mimi. Tena bora umekuja. Mwaka mzima nakutangazia jina lako bure. Nilipe ada ya kutangazwa. Kama huna, nachukua kinanda chako."

Kinanda, jamani. Kile alichoachiwa na marehemu mumewe, ndicho kilichomlisha tangu alipotoka eda. Vitumbua vilikuwa vya chai tu. Bila kinanda hana harusi ya kuitwa, na bila harusi hali.

Suweidi hakutania. Alimshitaki kwa Liwali, hakimu wa mji, ambaye kila Ijumaa alikula pilau kwa Suweidi na hajawahi kuulizwa bei.

"Suweidi, dai lako nini?" Liwali akauliza.

"Kila kitokacho ndani ya sanduku langu ni changu, Bwana Liwali. Kiwe sauti, liwe neno."

"Hata neno?" Bi Somoe akadakia.

"Hata kikohozi."

"Mimi nimeridhika. Bwana Liwali, naomba karani aandike hivyo hivyo."

Liwali akamtazama, hakumwelewa. Akaahirisha hukumu mpaka Jumamosi, apate kwanza kula Ijumaa yake.

Jumatano Bi Somoe akaimba harusini, wimbo mpya. Na Suweidi, kama kawaida yake, alimtuma mpishi wake na kinasa sauti kakificha ndani ya kanzu. Nyimbo zote alizipata hivyo. Mpishi mwenyewe maneno hasikilizi, yeye anaangalia nyama ya wenzake imeivaje.

Ijumaa mchana Liwali amekaa, tonge mkononi. Sanduku likaimba:

*Barazani ni mkali, watu wote wamjua,*
*Nyumbani hana kauli, hulala nje na mvua.*

Loo. Mji mzima ulijua kwamba mke wa Liwali humfungia mlango, ila hapakuwa na mdomo uliowahi kulitamka. Na Suweidi, masikio yake yote yako kwenye sahani, akanyanyuka kwa maringo akaweka noti ya kwanza. Watu wakamfuata. Mzee mmoja alitunza mpaka nauli yake. Liwali akalirudisha tonge sahanini, akanawa, akatoka bila kuaga.

Jumamosi baraza limefurika.

"Suweidi," Liwali akasema, na salamu hakutoa. "Karani ameandika hapa, kila neno la sandukuni ni lako. Na jana noti ya kwanza uliweka wewe. Kwa hiyo ni wewe uliyesema."

"Bwana Liwali, naomba radhi. Neno ni lake huyu mama. Sauti ni yake. Hata kikohozi ni chake. Mimi langu sanduku tupu."

"Sanduku tupu halitunzwi, tajiri," Bi Somoe akasema. "Basi zile tuzo zilikuwa za nani?"

Suweidi akamtazama Liwali, akautazama mlango, akajibu kwa sauti ndogo, "Zako."

"Na za kesho?"

"Zako."

"Na ile ada ya kutangazwa?"

"Nimekusamehe."

"Huwezi kunisamehe usichonidai. Sema hunidai."

"Sikudai."

Liwali akagonga meza. Akahukumu kwamba sahani ni ya Bi Somoe, tangu siku ya kwanza ilipowekwa, na kila sanduku mjini litakaloimba sauti ya mtu, mwenye sauti apate fungu lake. Watu wakapiga vigelegele. Suweidi alikaa chini kabla hajaambiwa akae.

"Nyamazeni," Liwali akasema. "Sasa wewe, mwanamke. Maneno ni yako, mwenzako amekiri na wewe umekubali. Basi aliyenitukana mimi, Liwali wa mji huu, ni wewe. Faini yake ni hicho kinanda. Kilete hapa. Au una la kusema?"

Bi Somoe akakikumbatia kinanda chake, alichokuja nacho. Aliogopa, sitawaficha, mimi nilikuwa karibu. Lakini ulimi haukutetemeka.

"Bwana Liwali, wimbo ule hauna jina la mtu. Ila mimi si mkaidi. Yeyote ambaye mkewe humfungia mlango akalala nje na mvua, na asimame hapa mbele za watu, ajitaje, nami nitampa kinanda kwa mikono yangu mwenyewe."