Ubongo wa Tunu

Sogeeni, waliosoma na wasiosoma. Leo sitaki makofi, nataka hukumu, maana mimi mwenyewe imenishinda.

Chuoni kwetu tulianzisha mafunzo ya uzamivu katika sayansi ya ubongo. Andiko la kuomba fedha niliandika mimi, na mfadhili akakubali kuwasomesha watatu kwa miaka minne. Sikitu alikuwa na kipaji cha kukaa na watu hadi wakamwamini. Mbaraka alikuwa na mkono usiotetemeka. Lwitiko alikuwa na jicho: kitu alichokitazama mara mia alikitazama tena kama mgeni.

Nikawapa wote watatu swali moja. Kwa nini watoto wa kijiji cha Kibwegani wanashikwa na degedege lisilokoma hadi wanakufa? Ili kulijibu, tulihitaji ubongo wa mmoja wa watoto hao.

Kibwegani maiti huzikwa kamili. Hata jino likidondoka hutafutwa, likazikwa naye. Sikitu alikwenda huko kwa miezi minane, akichambua mboga na kina mama bila kuomba kitu. Tunu, binti wa miaka tisa, alipofariki hospitalini, Sikitu aliomba ubongo wake, na wajomba wakaja juu. Mama yake akamvuta Sikitu pembeni.

"Mwanangu, nikikubali, Tunu atarudi?"

"Hatarudi, mama. Na sina hakika kama tutaona kitu."

Yule mama akawatazama wajomba. "Mdogo wake naye ameanza kushikwa. Mchukueni. Hawa wajomba niachieni mimi."

Bila Sikitu tusingepata chochote.

Ubongo ulikuwa laini mno na mashine yetu ya kukatia ilikuwa kuukuu. Fundi wa mashine hiyo alituambia tusithubutu. Mbaraka akaacha chai, akaacha kahawa, akaacha hata kubeba ndoo ya maji ili mkono usichoke. Kwa siku kumi na moja alikata vipande mia nne, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na hakuchana hata kimoja. Ubongo mwingine hatukuwa nao. Bila Mbaraka tungeuharibu huo huo mmoja.

Mimi, profesa mzima, niliviweka vipande vile chini ya hadubini nikaandika: hakuna kitu. Lwitiko hakunibishia. Alirudia miezi minne, akivipaka vipande rangi moja baada ya nyingine ili kilichofichika kijitokeze, kisha akaja ofisini kwangu taratibu.

"Samahani, Profesa. Hebu tazama hapa ukingoni."

Palikuwa na alama inayoachwa na ugonjwa wenye dawa. Nililia mbele yake, kwa furaha na kwa aibu. Bila Lwitiko jibu lingebaki kabatini.

Mdogo wake Tunu alipewa dawa hiyo. Sasa yuko darasa la tatu na anaruka kamba.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini chuo chetu kina kanuni: ugunduzi mmoja huingia katika tasnifu moja, na tasnifu huwa na mwenyewe mmoja. Kanuni hiyo nimeifundisha miaka ishirini, nikaisahau siku niliyowapa vijana watatu swali moja. Nimeomba kanuni ilegezwe, Seneti imenikatalia mara mbili. Mfadhili naye ameandika kwamba asipohitimu hata mmoja mwaka huu, mafunzo yanafungwa. Atakayepewa ugunduzi atapata shahada ya uzamivu. Wawili wataondoka mikono mitupu baada ya miaka minne, maana fedha zao zimekwisha.

Niliwaita wote watatu.

"Bila vipande vyangu Lwitiko angetazama nini?" aliuliza Mbaraka.

"Vipande vilikuwepo, kaka," alijibu Lwitiko. "Na Profesa alivitazama."

Nikainamisha kichwa. Sikitu ndiye aliyesema mwisho. "Mimi nilimwahidi mama kwamba jina la Tunu litakuwa ukurasa wa kwanza. Yeyote atakayepewa, aliandike." Kisha akaanza kulia, kwa sababu naye aliitaka shahada ile kama wenzake.

Nilishindwa. Nikaenda Kibwegani kumuuliza aliyetukabidhi ubongo ule, labda yeye atanipa jina. Mama Tunu alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa kwenye beseni la mchicha.

"Mwalimu," alisema, "mlinikuta na ndugu wanasema hapana, nikavunja mila yetu nikawapa. Ninyi kanuni yenu imewashinda kuivunja?"

Nilirudi na aibu yangu. Fomu iko mezani, ina mstari mmoja wa jina, na Ijumaa inachukuliwa. Nikiiacha tupu wanakosa wote watatu, na wale watakaokuja baada yao. Nikiandika jina moja, nimewafukuza wawili waliomwokoa mtoto.

Sikitu, Mbaraka, Lwitiko. Kalamu ninayo mimi, lakini leo naikabidhi kwako. Je, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?