Jina la Mtoto wa Siwatu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, maana hata mkiujua hamtaupika mkala, alikuwako mwanamke akiitwa Siwatu. Mumewe alikwisha kufa. Naye akajifungua mtoto wa kiume, akafa kabla hajamtazama vizuri.

Mtoto akabaki na bibi yake, Bi Mwanakheri, na mama yake mdogo, Mwantumu. Akalia njaa. Wakampa uji mwepesi, akautema.

Mwantumu akaingia zizini kwa jirani, Bi Chausiku, mjane mwenye mbuzi mmoja na kitoto chake. Akakamua akaiba. Kesho yake akakamua akaiba. Mtoto akanyamaza, kitoto cha mbuzi kikafa. Mbuzi naye akakauka maziwa, na kilio kikarudi pale pale.

Mwenye maziwa alikuwako, Mize, aliyezika kichanga chake juzijuzi. Lakini Siwatu, kwa ugomvi wa kipuuzi wa kisimani, hakwenda msibani kwake. Mize akaapa juu ya kaburi la mwanawe kwamba mtoto wa Siwatu hatagusa titi lake.

Bi Mwanakheri akamfunga mtoto kwenye kanga, akapiga hodi kwa Mize. Akasema mtoto wa Siwatu kachukuliwa na jamaa za baba yake. Huyu ni wa mpwa wake, mama yake mgonjwa. Mize akamtaka aape. Bi Mwanakheri, mtu wa swala tano, akaapa uwongo wala sauti haikutetemeka. Mize akampa mtoto titi.

Mtoto akajaa mashavu. Jina hakupewa, maana kumpa jina ni kumtaja na baba yake, na siri ingemwagika. Akaota meno, akatambaa, hana jina. Ikawa aibu. Ndipo Bi Mwanakheri akawakalisha Mwantumu na Mize barazani, akasema kweli yote.

"Sasa jina nitampa mimi," akasema. "Nimebeba dhambi ya kiapo uzeeni, na siku za kutubia sina."

"Mimi je, mama?" akasema Mwantumu. "Bila maziwa niliyoiba, kwa Mize ungepeleka maiti."

Mize alikuwa amempakata mtoto. Hakuinua uso.

"Nilimjua siku ile ile, Bi Mwanakheri. Hili sikio la kukunjika ni la Siwatu. Ungeniambia kweli, ningeona haya kuvunja kiapo mbele yako, ningekufukuza. Ulipodanganya, nami nikajifanya nimedanganyika. Kila nikimnyonyesha huyu, namvunjia mwanangu ahadi."

Bi Mwanakheri akavuta ushungi, akafuta macho.

Bi Chausiku, aliyekuja kuomba chumvi tu akayasikia yote, akasema, "Nyinyi mlijitolea wenyewe. Mimi nilitolewa bila kuulizwa. Na bado nampenda, huyu mla mbuzi wangu. Kwa nini nisimpe jina mimi?"

 

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Asiyewahi kukaa mchana kutwa na kichanga chenye njaa, anyamaze kwanza. Waliobaki nijibuni: je, nani alistahili kumpa mtoto jina?